Sitini na Saba kwa Mia

Mumbua aliniletea mashine imefungwa leso
kama mtoto wa kupelekwa kliniki.
"Kwamboka, mfumo wake umechakaa,
hata tovuti ya ushuru haiufungulii mlango.
Nitilie huo mpya.
Jumatatu nina tanzia tatu za kupiga chapa."

Luthuli, orofa ya tatu, kibanda cha kumi na nne:
upana wake pima moja,
na nusu ya pima hiyo imeingia kwa jirani auzaye spika,
anayezijaribu zote kwa wimbo mmoja tangu asubuhi.

Nikachomeka flashi. Toleo la Aprili,
lililosifiwa kuwa jepesi, rafiki wa kila mtu.
Likanisalimu kwa lugha kumi na tisa.
Likaniuliza niko wapi; nikagusa Nairobi kwenye ramani,
kidoa kidogo kuliko ukucha.
Mstari wa buluu ukaanza kutambaa:
kumi, thelathini, hamsini na mbili,
sitini na saba.

Nikanywa strungi. Sitini na saba.
Nikala andazi, nikapangusa vidole.
Sitini na saba.

Fundi mgeni angeipiga kofi.
Nilishayapiga makofi hayo, enzi zangu.
Siku hizi nasoma. Nyuma ya picha ya kukaribisha
kuna maandishi meupe juu ya weusi,
hayakuandikwa yasomwe na mteja,
na humo, kati ya mistari mia nne ya kujisifu,
mmoja uliungama:
saini ya kifurushi hiki haijaanza kutumika.

Haijaanza?
Nikatazama saa ya mashine.
Januari mosi, elfu mbili na tisa.

Kumbe ile betri ya duara, kama sarafu ya shilingi tano,
ilikufa zamani na haikuandikiwa tanzia.
Kila stima ikipotea Kariobangi
mashine huamka ikidhani ni mwaka ule:
Mumbua hajafungua duka,
mimi niko darasa la sita, nanyoa kipara,
na hivi vifurushi vya leo
vinabisha hodi katika nyumba ya juzi.
Nani angevifungulia?

Betri, shilingi hamsini, kwa jirani wa spika.
Tarehe nikaiandika kwa mkono.

Mstari ukasonga, kisha kioo kikazima,
nikajiona humo, nywele timtim.
Hilo nalijua. Kadi ya picha ni kongwe, haipendi madaha;
unaanza upya, unaongeza neno moja mwishoni mwa amri,
nayo inakubali kuchora kwa kalamu butu.

Ndipo kikaja kitufe kinene cha kijani:
Futa diski yote, uendelee.
Cha pili hakikuwepo.

Nikatoka. Nikaichungulia diski kwanza.
Miaka kumi na miwili ya Mumbua, jina kwa jina:
Tanzia Mutiso mwisho.
Tanzia Mutiso mwisho kabisa.
Tanzia Mutiso mwisho kabisa, mke wa pili ameongezwa.
Mahari Achieng', imepunguzwa.
Barua kwa mwenye nyumba, ya saba.

Toleo jipya linadhani kila mtu anahamia nyumba tupu.
Nikaisogeza diski ya zamani taratibu,
kama unavyomsogeza aliyelala ili nawe upate pa kulala,
nikapima kipande, nikakipa jina,
nikarudi kwa mlango wa nyuma ambao kitufe hakikuutaja.

Saa moja jioni, mia kwa mia.
Stima ikapepesa mara moja, ikanihurumia.

"Ilikuwa na nini?" Mumbua akauliza.
"Ilidhani ni zamani."
"Na Mutiso?"
"Yuko. Wote watatu."

Sauti ndiyo iliyokataa kutoka; nilimwambia ukweli,
arudi Alhamisi nijaribu tena.
"Wacha," akasema. "Kwangu watu huja wamenyamaza."

Nilimdai mia nane.
Alihesabu mia sita, akaifunga mashine leso,
na nyingine, akasema, ni Jumatatu, wakishazikwa.