Gobore la Kidabaga

Galus alikuja na mgeni wake siku ya ukungu,
ule wa Kidabaga, usioondoka hata saa tano.
Gari lilishindwa na utelezi,
wakapanda kwa miguu, viatu mkononi.
Mgeni ni Bwana Mwashiuya wa Mbeya, mwenye kahawa Mbozi,
mwenye bunduki kumi na mbili nyuma ya kioo,
kila moja na kibali chake, na taa yake ndogo,
na kikaratasi: mwaka, nchi, mikono iliyopitia.

"Huwa unazipiga?" nikauliza, huku namenya viazi.
Akacheka, kana kwamba nimemwuliza
kama huwa anakula matunda ya kwenye picha.
"Dada, bunduki ya kale haipigwi. Inatunzwa."

Nikanyoosha mkono darini, penye moshi,
kati ya mahindi ya mbegu na ungo uliotoboka,
nikalishusha.
Alilipokea kwa mikono miwili
kama mtoto mchanga wa mtu mwingine.
Akanusa mtutu. Akapapasa kitako.
"Hili," akasema polepole, "lilipigana na Mjerumani."

Nikamtazama Galus.
Galus akatazama viazi.

Sasa mimi nifanyeje?
Baba alikuwa na makosa yake, ila uongo hakunirithisha.
Bwana, nikasema, huo mtutu ni bomba la usukani
la Landrova ya misheni, iliyotumbukia Mto Lukosi
mwaka niliobatizwa.
Fundi Mgovano alilipwa mbuzi jike na debe la njegere.
Kitako ni mguu wa kitanda cha bibi.
Mjerumani halijamwona;
hata padri mwenye gari alikuwa Mtaliano.
Lililoonana nalo ni nguruwe.

Nguruwe, na baba juu ya dungu usiku wa Machi,
blanketi kichwani, baruti kwenye chupa ya dawa ya kikohozi,
akisikiliza mabua yanavyovunjika upande wa chini.
Likilia, bonde zima lilijibu,
na sisi kitandani tulijua kesho kuna ugali,
pengine na nyama.
Usiku mmoja lililia kinyumenyume,
likaondoka na dole gumba lake la kulia.
Alilifunga kidonda kwa jani la mgomba
na wiki iliyofuata alikuwa dunguni tena,
akijifunza kushika upya.

Bei ikateremka mlima ule ule
ambao mwenye bei aliupanda.
Alikunywa chai, akashukuru, akaomba maparachichi.

Galus hakunisemesha hadi taa ilipowashwa.
"Chombo cha kazi! Kazi gani, Tulalumba?
Lini limelia mara ya mwisho?"

Nilikoroga mboga isiyohitaji kukorogwa.
Maana ni misimu minne sasa sina baruti.
Nguruwe nawafukuza kwa debe bovu,
kwa mbwa wawili, na kwa matusi
ambayo mama angenichapa nayo mdomo.
Na kila Jumamosi, nyumba ikiwa tupu,
nalishusha, nalipaka mafuta ya alizeti
kwa pindo la khanga yake,
nasugua sana pale paliponyauka rangi,
pale dole lilipozoea kukaa.
Kioo sina. Taa sina.

Fomu ya kituoni ipo chini ya kopo la chumvi,
polisi wa Kilolo wameniita mara mbili:
rithi kwa barua, au salimisha.
Usiku ule nikaitoa.
Jina la marehemu, nikajaza. Aina ya silaha, nikajaza.
Matumizi.
Nikaandika: kulinda mahindi.
Nikafuta. Nikaandika: kumbu—
nikafuta tena, na kifutio kikatoboa karatasi,
tundu dogo, la mviringo,
na kupitia humo nikaona ubao wa meza.

Huko chini mbwa wakaanza.
Galus akaketi kitandani: "Ni nini hicho?"
Nikapiga mwiko kiunoni,
nikachukua debe.