Vichwa Havipo

Shambani kwa Asegelile, juu ya Isyonje,
ambako ukungu huamka kabla ya jogoo
na viazi hulala baridi kama mawe ya mtoni,
tumechimba shimo, mita moja kwa mita mbili,
udongo wake mweusi tukaupitisha kwenye chekeche
ndoo kwa ndoo, hadi vidole vikafa ganzi.

Mia mbili na kumi na moja. Nimehesabu mara mbili.
Pingili za uti wa mgongo, kila moja na kitundu katikati
kama shanga zilizokatikiwa na uzi;
miiba; mikia.
Vichwa havipo.

Gwamaka akasema: Kuna kijito pale bondeni, labda walivua.
Nikamwambia: Kijito kile hakijazi hata buti lako.
Huyu ni mbasa. Mbasa ana ziwa lake,
na ziwa liko kule chini, siku tatu kwa miguu,
nne ukiwa na mzigo kichwani na mtoto mgongoni.
Akasema: Basi vichwa vimeoza.
Taya haliozi, Gwamaka, likauacha mwiba mzima.

Chini ya lenzi, kwenye mfupa wa bega,
mkwaruzo mmoja, mwembamba kuliko unywele.
Kisu kiliingia hapa, nyuma ya shavu,
kikashuka bila kusita.
Mwenye njaa hakati hivi. Mwenye njaa hukata ovyo.
Huu ni mkono uliokwisha kukata mia kabla ya huyu
na mia nyingine zilikuwa zinausubiri kapuni.

Moshi hauandiki mfupani.
Chumvi, kama ilikuwapo, ilinyeshewa ikaenda zake.
Kichanja kililiwa na mchwa, kamba zikawa udongo.
Limebaki pengo,
nami nalipwa posho ya siku kusoma pengo.

Samaki mkunje angali mbichi, wanasema.
Hawa hakuna aliyewakunja.
Walipasuliwa, wakatandazwa, wakageuzwa
hadi wakawa wagumu kama kuni,
wakafungwa kumi kumi, wakapanda mlima
kumfuata mtu asiyewahi kuliona ziwa.

Aliyekata namfahamu.
Jina lake silijui, ila nimekula kwake.
Mama yangu, Tumwitikege, kule Matema,
alikausha mbasa wa watu kwa ujira wa vichwa.
Viwiliwili vilipanda lori: Tukuyu, Mwanjelwa, Makambako.
Sisi tulibaki na ndoo.
Mchuzi wa vichwa Jumatatu. Mchuzi wa vichwa Jumanne.
Tulifyonza mashavu, tukagombania macho,
mdogo wangu Ikupa akitafuna hadi mfupa wa paji.
Nilikuwa na miaka kumi na minne,
kwenye harusi ya shangazi,
nilipojua kwamba mbasa ana tumbo.

Kwa hiyo msiniambie havipo.
Viko ufukweni, kwenye jalala la jikoni
ambalo hakuna aliyelichimba bado,
vimetafunwa vizuri,
na alama za meno ya watoto.

Gwamaka amejaza kadi: Vichwa, hakuna.
Nimechukua kalamu nikakata neno la pili.
Nimeandika: vililiwa kwingine.
Akanitazama, akaigonga mhuri.

Mkaa umepelekwa kupimwa umri; majibu bado.
Asegelile amesimama ukingoni na jembe begani,
anauliza shimo litafukiwa lini,
maana mvua zimekaribia
na mbegu zake za viazi zimeanza kuota macho.