Nukta ya Eladio

Siku ya kwanza tulipoifungua ramani watu sita kwa mpigo,
Sabela aliikuza Ourense kwa vidole viwili
na sote tukavutwa naye, kama kitambaa cha meza
kilichonaswa kwenye zipu ya mgeni anayeinuka.
Nusura nisikie vikombe vikivunjika.
Brais, aliyekuwa akiufuata mto Sil, akafoka simuni:
"Nani kanihamishia dunia?"

Nikaandika daftarini: kila mtu na dirisha lake.
Anayetaka kumfuata mwenzake, abishe hodi.
Anayefuatwa, ajue.

Kisha ikaja rangi.
Moto niliupa wekundu, njia ya kutokea kijani,
nikajiona fundi. Brais akanyamaza, halafu:
"Mimi naona hudhurungi mbili tu.
Ningekuwa mlimani, ningebahatisha."
Miaka minne tumekula mchana meza moja
na sikujua.
Basi moto nikauchora mistari ya mshazari,
njia nikaiacha nyeupe, nene, kama ya chaki.

Ila aliyenifunza hasa ni Eladio.
Agosti, mteremko wa mikaratusi juu ya Quiroga,
redio yake ilizimika saa tisa na dakika nane.
Sisi huku Lugo, chini ya kiyoyozi, tuliiona nukta yake
ya buluu, imetulia tuli,
na kila mmoja akamwambia mwenzake: yule pale, mzima.
Dakika arobaini tulipalinda mahali
ambapo mtu hayupo.

Alijitokeza mwenyewe barabarani, nyusi zimeungua.
Jioni alikuja ofisini, akaomba maji, akaomba aione ramani.
Akaigusa nukta kwa kidole cheusi cha masizi.
"Huyu nani?"

Sasa nukta zangu hufifia.
Dakika moja bila neno, ukingo unalegea;
tano, linabaki duara tupu;
kumi, duara linatanuka polepole
kadiri miguu ya mtu iwezavyo kufika kwenye moshi,
na linauliza kwenye skrini zote kwa pamoja,
kwa Sabela, kwa Brais, kwa kijana wa helikopta:
nani kamsikia?

Wakubwa wanalalamika kwamba ramani yangu ina mashaka mengi.
Ndiyo.

Doa la masizi bado lipo kwenye kioo cha ofisini.
Nimemwomba anayefuta vumbi alizunguke.