Mchanga Kati ya Mawe

Daktari Quitéria Falcão aliweka mezani
uti wa mgongo wa plastiki,
rangi ya meno ya mvuta sigara,
akaukunja taratibu, kama mtu anayepima muwa kabla ya kuununua.
"Hizi ni pingili," akasema. "Na hapa, kati ya ile ya nne na ile ya tano…"
Sikumsikia tena.
Nilikuwa natazama viganja vyake. Havina sugu hata moja.

Miaka thelathini na minne nimetandaza mawe
kwenye njia za miguu za Setúbal.
Jeupe la chokaa, jeusi la basalti,
kila moja kama ngumi ya mtoto mchanga,
mapigo mawili ya nyundo, matatu likiwa kaidi,
kisha linalazwa kitandani pake.
Kigoda changu hakizidi shubiri mbili.
Juu yake nimezeeka nimejikunja,
alama ya kuuliza iliyotelekezwa na swali lake.
Mwili haujengwi kwa matofali, husema watu.
Wangu ulijengwa kwa mawe.

Maumivu yalikuja kama mgeni, yakalala kiunoni.
Siku ya kwanza. Siku ya pili.
Siku ya tatu, kabla sijayapa jembe,
yakachukua nyundo yenyewe
yakateremka nayo: tako la kushoto,
nyuma ya paja, shavu la mguu,
mpaka kwenye dole gumba, yakagonga hapo usiku kucha.
Zulmira alinikanda kwa taulo la moto.
Jirani Adérito aliagiza mafuta ya nguruwe,
akaniambia nijikaze, mwanamume hafi kwa kiuno.
Mzigo wa mwenzio, kweli, ni kanda la usufi.

"Kisahani laini kilicho katikati kimepasuka," daktari akaendelea.
"Ute umetoka, unabana mshipa wa fahamu."
"Mchanga umehama," nikasema.
"Nini?"
Nikamweleza: mzee Lourival, aliyenifundisha kazi,
alikuwa akipiga magoti kukagua.
Mawe yasigusane, alisema. Yakigusana husagana.
Acha nafasi ya ukucha, ujaze mchanga.
Daktari aliandika kitu kwenye faili.
Sijui kama ni hayo.

"Tutatoa kilichomwagika tu," akasema.
"Ninautibu mguu, Bwana Belmiro. Mgongo utabaki na kumbukumbu zake.
Kikimwagika tena, tutafunga pingili mbili kwa skrubu, ziwe moja."
"Na nisipoamka?"
"Wengi sana huamka."
Sikulipenda neno wengi.

Walinilaza kifudifudi.
Nilihesabu kutoka kumi kurudi nyuma, nikaishia saba.

Nilipoamka mguu ulikuwa kimya,
kimya cha mtaa baada ya mashine ya kuchimba kuzimwa,
ambapo ghafla unasikia kijiko cha mtu ndani ya kikombe.
Nililia. Nikamwambia muuguzi ni kiu.

Sasa nina amri zangu.
Usiiname. Usijipinde. Usibebe kinachozidi pakiti mbili za maziwa.
Ukitoka kitandani, geuka mzima kama gogo.
Zulmira anakalia kigoda changu kunivisha soksi,
nami nauona utosi wake, mvi zilizoota bila kunipa taarifa.
Mji huu niliujua kwa visigino:
kile cha hakimu, kilicholika upande mmoja,
viatu vya mwalimu vilivyolia kama vifaranga.
Natembea dakika kumi, asubuhi na jioni, wima,
na watu wana nyuso. Wananisalimu.
Sijui ni nani mpaka nitazame chini.

Mbele ya duka la dawa jiwe moja limeng'oka.
Wiki nzima nimelizunguka pengo hilo.
Kazi ya dakika mbili, na mimi siwezi kuinama.

Jana nimekuta limezibwa kwa saruji.
Saruji!
Nilisimama juu yake nimenyooka kama mshumaa,
nikamtukana asiyejulikana, yeye na ukoo wake,
mpaka mfamasia akatoka nje kuuliza naumwa wapi.