Karatasi Thelathini na Moja

Jumamosi, chumba cha walimu, Moshi.
Kalamu nyekundu, chai ya tangawizi iliyopoa,
karatasi thelathini na moja za Kidato cha Sita.
Mlima umejifunika tangu asubuhi.

Mada hii haimo kwenye muhtasari
wala haitatoka kwenye mtihani wa taifa.
Mkuu wa shule aliuliza, "Itawasaidia nini?"
Nikasema sijui, na ilikuwa kweli.

Jumanne tuliazima shuka bwenini.
Wanne wakashika ncha, nikaweka katikati
jiwe la mizani la Mama Tesha wa gengeni.
Gololi ikazunguka, ikazunguka, ikalala ubavuni mwa jiwe.
"Mnaona? Jiwe halikuivuta gololi.
Jiwe limepinda mahali,
gololi imefuata mahali palivyo."
Wakaitikia ndiyo, ile ndiyo ya darasani
isiyo na mtu ndani.
Isipokuwa Nakijwa, ncha ya nne, mkono umemchoka:
"Na jiwe lenyewe, mwalimu,
nani analivuta hata likazama shukani?"

Kengele ya chakula iliniokoa.

Basi nikatunga maswali matatu,
na juu yake nikaandika: jibu kwa lugha unayoiota.

Shimo jeusi ni nini?
Ishirini wamenirudishia Kiingereza changu mwenyewe,
kimepigwa pasi, kimekunjwa, hakijavaliwa.
Mmoja: "Ni shimo. Rangi yake nyeusi."
Mwandiko mzuri mno, sifuri inaniuma kuiandika.
Elinami kaacha karatasi nyeupe,
chini kabisa, mstari mmoja:
"Jibu limo humu. Nuru yake imeshindwa kutoka."
Nilicheka peke yangu. Nusu alama.

Kwa nini kilichoingia hakirudi?
Aikaeli wa Kidia, kalamu yake inavuja:
"Chukua mfongo wa babu unaoshuka migombani.
Sisimizi kaangukia maji, anaogelea kurudi juu.
Maji yakienda taratibu, atafika.
Chini kidogo mteremko unakaza, maji yanamzidi mbio.
Kati ya hapo na hapo pana mpaka.
Haukuchorwa, hauna kibao,
maji yake ni maji yale yale.
Sisimizi akiuvuka hahisi kitu,
anaendelea tu kupiga miguu.
Sasa, badala ya maji weka mahali penyewe.
Badala ya sisimizi weka nuru."

Nikaweka kalamu chini.
Miaka kumi na minne nafundisha kwa mchoro wa kitabu
na mfongo unapita nyuma ya jiko letu.

Saa mbili: moja kilele cha Kibo, moja stendi ya mjini.
Ipi inakwenda mbio?
Wengi wamesema ya stendi,
"kwa sababu mjini watu wana haraka."
Ndeonansia Mlaki amesema ya kileleni,
iko mbali zaidi na moyo wa dunia,
kisha hakunyamaza:
"Baba ni mpagazi. Amepanda safari mia mbili na kumi.
Nimepiga hesabu nyuma ya karatasi.
Ukiikata sekunde moja vipande milioni,
mlima umemzeesha vipande kama thelathini
kuliko angebaki nyumbani.
Hivyo ni vya nadharia.
Mvi zilizobaki ni za mzigo."

Nikageuza karatasi. Nikarudia hesabu mara mbili.
Yuko sahihi.

Mwongozo wangu unasema: saa ya juu, alama mbili.
Baada ya hapo haukuandikwa kitu.
Nikaandika mbili, nikafuta, nikaandika mbili.

Chai imeota utando.
Naugusa kwa ncha ya kijiko, unajikunja,
na jani moja la chai linateleza kukifuata kijiko,
polepole, kama lililoitwa.
Labda huu ndio mfano. Labda nao una jiwe lake
lisilojulikana nani analivuta.

Jumatatu nitamuuliza Nakijwa.