Linda Ukiwa Umekaa

Mgongo ulinikatika Mwandiga, chini ya dumu la mawese.
Daktari akanituma kwa Nyabenda, mnyoosha viungo:
chumba cha nyuma, mkeka wa ukindu, dirisha
la kutazama mabati ya Gungu
na kipande cha ziwa kisichozidi leso.

"Kaa. Pumua. Usirekebishe kitu."
Akalitaja neno la Kihindi, santosha.
Mimi nikasikia tosha.
Nikacheka. Hakunikemea.
"Hivyo hivyo," alisema, "shika hapo hapo."

Nikafumba macho, na humo ndani nikakuta watu.

Wa kwanza yule anayecheka haraka.
Hujamaliza kunitukana, ameshacheka,
ameshakupa kiti. Mashavu yanamuuma siku nyingi.

Wa pili anahesabu. Tangu Bukuru aondoke na madumu saba
akisema anavuka Kalemie, Jumanne atarudi,
huyu anahesabu chenji mara tatu, anahesabu vijiko,
anahesabu maneno ya mume wangu
akitafuta lililopungua.

Na wa tatu, mdogo, kama miaka tisa,
amesimama nyuma ya mlango na mwiko mkononi
akisikiliza hatua za baba kutoka kilabuni:
zinaburuta, au zinakanyaga?
Baba tulimzika mwaka ziwa lilipopanda.
Hakuna aliyemwambia.

Miaka yote niliwaombea watoke.
Nilifunga, nilikunywa mizizi, nilihama nyumba.
Walijitwika masanduku wakanifuata.

Siku ile mgongo haukuniruhusu kusimama,
basi nikakaa nao.
Tosha, nikasema.
Si ile ya kumnyamazisha mtoto mwenye kelele;
ile ya mtu aliyepimiwa,
akatazama kopo, akafunika.

Mcheka akafunga mdomo, akapumzisha mashavu.
Mhesabu akafika saba, akasita,
akaanza upya, ila polepole.

Mtoto hakuuacha mwiko.
"Na mlango," akauliza, "ataulinda nani?"

Wewe, nikamwambia. Nani anaujua kama wewe?
Ila sogea huku mkekani, mama.
Linda ukiwa umekaa.

Akakaa. Tako moja tu,
mwiko magotini, sikio bado nje,
huko ambako Nyabenda alikuwa anasema
pumua.