Jina Linaloshusha Bei

Mali bila daftari hupotea bila habari,
lakini baba yangu alikuwa na daftari,
jalada la buluu, harufu ya grisi ya mgodini:
petroli, dola sita;
maegesho, moja na nusu;
kahawa mbili (ya pili nimempa mlinzi);
tiketi hakuna, nimesimama nje.

Nje, maana yake Sudbury, Februari,
nyuzi thelathini chini ya sifuri,
mlango wa nyuma wa uwanja wa hoki ya barafuni,
wachezaji wakitoka na nywele mbichi
zinazogeuka waya kabla hawajalifikia basi.
Wenzake walitia kalamu mifukoni, wino ukaganda.
Urho Kivelä, mchimba nikeli,
aliibana yake kwapani, chini ya sweta tatu,
kama mtu anayepimwa homa.

Homa ya miaka ishirini na sita.
Picha, kadi, magongo mawili,
na visahani vyeusi vya mpira, vile vinavyogombewa barafuni,
mia moja na kumi na tatu,
kwenye rafu ambayo mama aliitaka kwa vyombo.
Mama alisema: hapo pana paa jipya.
Alisema miaka mingi, kisha akaacha kusema.
Paa halikuacha kuvuja. Tukatega sufuria.

Wiki ya pili baada ya maziko
akaja Bwana Haralambos kutoka Toronto,
glovu nyeupe, lenzi jichoni,
akavishika vile visahani kama mayai ya njiwa.
"Marchildon huyu," akasema, "hauziki.
Alisaini kila alichoshikishwa:
leso, plasta ya mguu uliovunjika, mfuko wa mkate.
Alisimama kwenye theluji mpaka mtoto wa mwisho aende nyumbani.
Soko limejaa mkono wake.
Lakini Ostrander! Alipita kichwa chini,
akapandisha kioo cha gari.
Saini zake hazifiki kumi duniani.
Hili ndilo paa lako, mama."

Nikafungua daftari:
*Ostrander. Safari ya kumi na moja.
Leo kasaini. Hakuniangalia.*

Basi ndivyo soko linavyohesabu:
mkunjufu ni rahisi,
mkono wa birika ndio unaolipa.

Kikabaki kisahani kimoja.
Akakigeuza, akashusha pumzi
kama daktari anayetafuta neno.
"Tena Marchildon. Na hapa pana jina la mtu.
Jina la mtu linashusha bei.
Nani atanunua salamu za mwingine?
Ila nina dawa, tone moja tu kwenye pamba:
jina linakwenda, saini inabaki."

Nikakiomba nikisome.

*Kwa Sirkka, miaka tisa leo.
Nisamehe, nimemchelewesha baba yako.
L. Marchildon, 14.*

Nakumbuka keki. Nakumbuka mishumaa
ikiwashwa, ikizimwa, ikiwashwa tena,
mama akichungulia barabara kwa kitundu
alichokwangua kwenye barafu ya dirisha.
Niliamka asubuhi, kile kitu kiko mtoni mwangu,
kizito, kinanuka mpira na tumbaku.
Nilikisukumia uvunguni.
Sikutaka saini. Nilitaka aje.

Daftari, tarehe kumi na mbili:
*keki, dola tatu. Nimefika saa sita usiku.
Amelala.*
Mbele ya neno hilo, safu ya bei,
hakuandika kitu. Alichora mstari,
kalamu ikakandamiza mpaka karatasi ikatoboka.

Nikamwuliza Haralambos
joto la kwapa wao hulikadiriaje.
Hakusikia vizuri, alikuwa akiandika risiti.

Mafundi wa paa wanakuja Jumatatu.
Sufuria imerudi jikoni, nimeisugua, kutu haitoki.
Kisahani kiko dirishani, kimelalia pazia
lisipeperuke.
Jina langu limetazama chini.
Sijawa tayari kulisoma kila asubuhi.